Bakuli la Fundi Albano

Mtu yeyote wa Temeke wa rika langu atakwambia kwamba miaka ile ya Ujamaa fundi wa miguu ya mbele ya magari alikuwa mmoja tu, Albano. Usibishane naye, ni kweli. Ila kabla hajaondoka muulize na ile sakafu ya saruji aliyofanyia kazi Albano aliimwaga nani. Akianza kujikuna kichwa, mwambie aliimwaga Anselmo, ndiye mie ninayeandika hapa, niliyesoma mpaka darasa la sita nikaona inatosha, wengine nao wapate nafasi.

Albano alikuwa mtu wa Newala, kule juu uwandani ambako zamani maji ya kunywa yalifuatwa bondeni alfajiri yakafika nyumbani jua likiwa utosini. Mtu aliyekulia kule hayatazami maji kama unavyoyatazama wewe wa bombani. Baba yake alikuwa mchonga vinyago, na yeye mwenyewe alikuja Dar mwaka mmoja baada ya Uhuru, tezo na patasi ndani ya mfuko wa katani, akakaa kando ya Barabara ya Pugu akichonga mpingo. Kwenye magari aliingia kwa mlango wa mbao. Lori moja lilivunjika bodi mbele ya macho yake, akaombwa alitengeneze, na alipokuwa chini ya lile lori akaona springi na shokapu, akaona vyuma vilivyoshika gurudumu vikipanda na kushuka kama goti la mtu. Hakurudi tena kwenye vinyago. Baba yake alipopata habari alituma salamu za neno moja: haya. Nadhani Albano alilibeba hilo haya maisha yake yote.

Gari likiletwa linaumwa mguu wa mbele, alilipima taratibu kama mkunga. Kwanza aliikandamiza boneti kwa viganja viwili, halafu akaachia. Gari likipanda mara moja na kutulia, shokapu nzima. Likiendelea kunesa kama kitanda cha maharusi, shokapu imekufa. Kisha alilinyanyua kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa huku ameinamisha sikio, akisikiliza bushi, ile pete ndogo ya mpira inayokaa kwenye maungio ili chuma kisigonge chuma. Halafu akalitikisa kushoto na kulia, akisikiliza vyuma vya usukani. Mwisho kabisa likaja jambo ambalo hakuna fundi mwingine aliyekuwa nalo. Likaja bakuli.

Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, ukingo wa buluu, na kwa ndani alilichora mstari mwembamba kulizunguka. Alilaza ubao wa mninga juu ya madigadi mbili za mbele, akaweka bakuli katikati, akamimina maji mpaka mstarini. Maji yakiupita mstari upande mmoja, basi gari limelala upande huo. Hapo alichonga pete ya mpingo akaipachika juu ya springi ya upande uliolala, gari likanyanyuka. Springi mpya madukani zilikuwa hadithi, mpingo ulikuwepo. Na kila pete aliichonga magamba ya samaki ukingoni, ingawa ingekaa gizani huko ndani asiione mtu. Nilimuuliza anajisumbuliani. Akasema pete isiyo na alama ni kipande cha kuni.

Enzi alizokuwa akifanyia kazi mchangani kule Tandika, kabla ya yote aliliweka bakuli chini, akakwangua mchanga kwa jembe huku na kule mpaka maji yatulie mstarini, ndipo gari lisogee. Ilimchukua nusu saa. Sie tulimcheka, tukamwita Fundi Kilimo.

Mwaka 1976 mambo yakawa mengine. Mjini hapa ikawa kila mtu aonyeshe kazi anayoifanya; asiye nayo alipandishwa lori, akapelekwa kijijini akalime. Fundi wa mchangani asiye na karatasi alihesabiwa mzururaji mwenye spana. Ndipo tukaunda ushirika wetu, Jembe na Spana, watu arobaini, tukapewa kiwanja kando ya mtaro na kila mtu kadi yake. Kadi ile tuliiweka karibu na moyo kuliko picha za wake zetu.

Sakafu tuliimwaga kwa kujitegemea, Jumapili tatu mfululizo. Wanaume walichanganya saruji, wanawake walibeba mchanga, Rosalia mke wa Albano akiwamo. Ila kamba ya kunyooshea sakafu niliishika mie, kwa sababu niliwahi kufanya kazi na mwashi mmoja miezi minne, na katika watu arobaini miezi minne ilikuwa shahada. Sakafu ikatoka laini kama shavu. Hata kwenye mvua kubwa za masika maji hayakutuama juu yake. Yalitiririka yenyewe mtaroni, watu wakasimama kutazama. Viongozi wa kata walikuja kuizindua kwa hotuba. Tangu siku hiyo hapakupita wiki sijamkumbusha mtu kwamba sakafu ile ni yangu.

Siku ya kwanza ya kazi, asubuhi na mapema, tulikuwa wawili tu pale, mie na Albano. Akatoa bakuli lake akainama aliweke chini kwenye saruji. Nikaangua kicheko. Nikamwambia hiyo siyo michanga yake ya Tandika, hiyo ni sakafu, watu arobaini wametoka jasho na viongozi wameifungua, yeye nani wa kuja kuipima? Akanitazama kidogo. Halafu akalirudisha bakuli mfukoni kama mtu aliyekutwa anachungulia dirisha la watu. Hakuliweka chini tena.

Miezi minane ikapita.

Mzee Zahor alikuwa na duka la misumari, mafuta ya taa na vitambaa, duka alilorithi kwa baba yake aliyerithi kwa babu. Gari lake lilikuwa Ostini ya kijivu ya mwaka 1957, na kila Ijumaa baada ya swala alimpakia mkewe, Bi Badriya, wakaenda kumwona binti yao Kinondoni. Siku hiyo Ostini ililetwa inagonga mbele, kila shimo ngo, kila tuta ngo. Albano akanesesha, akatikisa, akasikiliza. Akakuta bushi ya mkono wa chini upande wa kulia imelika imebaki kama ganda la kitunguu, na kingpini, ule mhimili ambao gurudumu hugeukia, haijaonja grisi tangu Uhuru. Akachonga bushi mpya kwa mpira wa tairi, akaipa kingpini grisi. Kugonga kukaisha. Kisha bakuli: maji yakasema gari limelala kushoto. Akapachika pete moja. Maji yakatulia, mzee akashukuru, akaondoka.

Siku ya pili akarudi. Kugonga hakupo, alisema, lakini sasa gari linavuta kulia kama punda aliyeona banda lake, na ukilisimamia nyuma limeinama.

Albano akaliingiza, akalaza ubao, akaweka bakuli. Maji yametulia mstarini kama yamechorwa. Gari limenyooka. Mzee Zahor akachuchumaa, akafumba jicho moja, akakubali mwenyewe kwamba limenyooka. Akatoka nalo getini. Hatua hamsini mbele, barabarani, sote tunaliona limeelemea kulia kama mtu aliyebeba ndoo.

Hapo ndipo tulipoanza kuchanganyikiwa, na nakiri tulichanganyikiwa kwa bidii. Tulijaza upepo matairi, tukapunguza, tukayabadilisha upande kwa upande. Albano alifungua shokapu zote mbili akazitia mafuta mapya. Akapima kwa uzi kama magurudumu yanatazama mbele pamoja, yanatazama. Mie nilisema tatizo ni Mzee Zahor mwenyewe, maana alikuwa na kitambi cha heshima na usukani uko kulia. Tukamweka mtu mwembamba aendeshe, gari likainama vilevile. Tukampakia Bi Badriya kushoto, naye hakuwa mwepesi, likainama. Mwingine akasema ni daraja la Mtoni, magari yakilipita yanapata mkosi. Tukaenda njia isiyo na daraja. Likirudi getini, likiingia tu kwenye sakafu, likanyooka wima, kama mtoto aliyesikia kikohozi cha baba yake.

Albano akaacha kula mchana. Akaongeza pete ya pili, akaitoa, akairudisha nyembamba zaidi. Usiku, Rosalia aliniambia, alikuwa akilaza vijiko viwili mkekani na kuvisogeza kama magurudumu.

Wakati huohuo watu wakaanza kuziona teksi. Teksi kumi na moja za Temeke zilikuwa zimepita mikononi mwa Albano tangu tuhamie pale, na zote, ukizitazama kwa nyuma, zilikuwa zimeelemea kulia. Mwanzo tulidhani ni matumbo ya madereva. Lakini mchekeshaji mmoja wa kahawani akasema nchi nzima inakwenda kushoto, isipokuwa teksi za Temeke, na neno hilo likapanda mpaka ofisi ya kata.

Mwenyekiti wetu Fakihi hakuwa mtu wa kupenda neno kama hilo lipande kwenye ofisi yoyote. Alikuwa mtu wa haki, siyo mbaya, ila alikuwa na hofu kama kila mwenye cheo. Akatangaza kikao Jumamosi. Ostini ya Mzee Zahor iwe inakwenda sawasawa, na fundi aeleze habari ya zile teksi. Akishindwa, arudishe kadi.

Kila mtu alijua kadi ikirudi lori linakuja. Alhamisi nilimkuta Rosalia akiuza vitumbua vyake, nikanunua. Nikataka kumtania kidogo, nikasema Newala hewa nzuri. Hakucheka.

"Kulima mie naweza, shemeji," alisema. "Nisichoweza ni kumwona mume wangu akimpita baba yake mlangoni, vinyago kaviacha na magari yamemshinda."

Nikalipa vitumbua nikavisahau palepale.

Ijumaa mchana Mzee Zahor akaleta gari kwa mara ya mwisho. Lilizimikia getini, betri imekufa, na kwa vile pua yake ilikuwa imegeukia barabarani, tukalisukuma ndani kinyumenyume. Hatukuwahi kuingiza gari namna ile. Desturi yetu ilikuwa pua mbele. Albano akalaza ubao, akaweka bakuli, akamimina.

Maji yakamwagika. Yaliupita mstari upande wa kulia, yakapanda mpaka kwenye ukingo wa buluu, yakachuruzika juu ya madigadi. Jana gari lile lile mahali pale pale lilikuwa limenyooka, na juma lililopita lilikuwa limelala kushoto. Albano alilitazama bakuli muda mrefu. Akayamwaga maji, akamimina mengine, labda yale yalikuwa na kasoro. Yakaenda kulekule. Akakaa chini kwenye saruji akasema, bila kumwambia mtu, kwamba amekwisha. Hajui tena juu ni wapi na chini ni wapi.

Sie tukazunguka gari. Mmoja akagusa tairi kana kwamba lina homa. 

Mzee Zahor alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na ukuta, birika mkononi, anajiandaa kutawadha kwa ajili ya alasiri. Alikuwa ametulia kuliko sie sote, na gari ni lake. Akamwita Albano kwa upole, akamweleza kwamba babu yake alipomkabidhi duka hakumfundisha kwanza bei wala hesabu. Alimfundisha mizani, na kabla ya mizani, kaunta. Kaunta ikiinama, kilo ya haki inakuwa kilo ya wizi, na mwenye duka anaapa kwa Mungu kwamba hajaiba, na kweli hajaiba.

"Sasa mwanangu," akasema, "mizani yako hiyo umeiweka juu ya nini?"

Albano alikawia kuelewa. Akatazama gari, akatazama ubao. Kisha akalichukua bakuli, akaliweka chini kwenye sakafu, akamimina maji mpaka mstarini.

Maji yakaenda upande wa mtaro. Hayakwenda kidogo. Yalikwenda kama yanayoitwa kwa jina.

Hapo, niseme kweli, watu wote waligeuka wakanitazama mie.

Nilikuwa nimeilaza sakafu mtaroni kwa makusudi, mwashi wangu alinifundisha hivyo, uani sakafu isiyolala hutuamisha maji. Kila gari lililoingia pua mbele lilikuwa na mtaro kushoto kwake, kwa hiyo bakuli likasema limelala kushoto, Albano akalinyanyua kushoto, likatoka barabarani limeelemea kulia. Teksi kumi na moja. Ostini haikuwa imelala hata kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa ile bushi na ukosefu wa grisi, na vyote Albano alivitibu siku ya kwanza.

Jumamosi asubuhi alikwangua mchanga nje ya geti, kwa jembe, nusu saa, na hapana aliyemwita Fundi Kilimo. Maji yalipotulia tukaisogeza Ostini, akatoa pete zote. Mzee Zahor akaenda nayo Barabara ya Kilwa mpaka Mtoni, darajani kabisa, akarudi. Akasema njiani aliachia usukani kidogo, akimtaja Mtume, na gari likaenda kama uzi.

Lakini zilibaki teksi, na kikao kilikuwa alasiri. Fakihi alisoma ajenda, akataja teksi kumi na moja zilizoharibiwa na ushirika wa wananchi, akauliza kosa ni la nani. Tulikuwa tumekaa juu ya sakafu yenyewe, mabenchi yote yameelekea mtaroni kidogo, na sasa kwa kuwa tunajua, kila mtu alijiona anateleza. Hakuna aliyeitaja. Nani aseme kazi ya mikono ya watu arobaini, iliyofunguliwa kwa hotuba, imepinda?

Albano akasimama. Alisema fundi asiyepima mahali aliposimama asimtafute wa kumlaumu. Akatoa kadi mfuko wa shati, akaiweka mezani. Hakunitaja. Hakutaja asubuhi ile tulipokuwa wawili. Rosalia alikuwa dirishani kwa nje na beseni lake la vitumbua, na niliona analiweka chini.

Nikasimama. Sikujua ninasimama kusema nini. Nadhani nilitaka kueleza kwamba jambo hili ni la watu arobaini, lina pande nyingi, lina historia. Fakihi hakunipa nafasi.

"Ndugu Anselmo, miezi minane unatuambia sakafu hii ni ya nani?"

Watu wakacheka. Nilitafuta njia kulia na kushoto, kote kumefungwa, na nimefunga mwenyewe.

"Yangu," nikasema.

"Na huu mlalo wake?"

"Na mlalo wangu. Na bakuli, Ndugu Mwenyekiti, alitaka kuliweka chini siku ya kwanza. Mie ndiye niliyemcheka mpaka akalirudisha mfukoni."

Kicheko kikakatika. Hilo la mwisho hakuna aliyelijua pale ila mie na Albano, na yeye alikuwa anatazama mikono yake. Fakihi akaikunja ajenda yake. Kisha akaisukuma ile kadi juu ya meza, polepole, mpaka ikamfikia mwenyewe. Albano akaichukua, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi.

Yangu hawakuichukua. Waliamua tu kwamba, kwa kuwa ninapenda kazi zijulikane ni za nani, nilale chali chini ya teksi kumi na moja, moja baada ya nyingine, pale mchangani nje ya geti, nizitoe pete kwa mkono wangu, Albano akiniongoza. Ilinichukua wiki mbili. Uchafu uliingia machoni, springi moja ilinigonga kidole hiki cha shahada ambacho hakijanyooka tena. Albano alichuchumaa pembeni akiniambia sikiliza, Anselmo, hiyo ni bushi, hiyo ni kingpini, shika juu na chini, usitikise kama unapukuta embe. Siku ya tatu nikaanza kusikia anachosikia. Siku ya tano nikamwambia shokapu ya teksi ile imekufa kabla hajaigusa, na alipoikandamiza ikanesa. Akasema haya. Lakini aliisema kwa namna yake, siyo ya baba yake.

Wengi siku hizi hawajui kwamba kwa miguu ya mbele ya magari Temeke palikuwa na mafundi wawili. Wanamkumbuka mmoja. Sina kinyongo.

Pete za mpingo kwenye teksi zilikuwa kumi na nne, maana teksi tatu zilivaa mbilimbili, na zote nilizitoa nzima, magamba ya samaki yakingali yanang'aa chini ya grisi. Albano hakuzitaka, akaniachia. Nyingi nimezigawa. Moja ninayo hapa Segerea, iko chini ya mguu wa kushoto wa meza hii ninayoandikia, maana bila hiyo chai inamwagika. Nyumba hii nilijenga mwenyewe, na sakafu yake niliimwaga mie.